Siku Ndege Waliposhuka

Mama yangu alifagia jengo moja kwa miaka kumi na tisa. Lina ghorofa kumi na nne, vioo vitupu kutoka chini hadi juu, na ukisimama mbele yake mchana unaona mawingu yakipita ukutani kana kwamba jengo lenyewe halipo. Mama alikuwa anaingia kazini saa kumi na moja alfajiri, kabla makarani hawajaamka, na fagio lake, kizoleo na ndoo mbili. Kazi ya kwanza ilikuwa kuzunguka nje. Na kila mwaka, vuli ikiingia, huko nje alikuwa anaokota ndege waliokufa.

Siku nyingine wawili, siku nyingine kumi na mmoja. Ndege wadogo wa kuenea kiganjani, wamelala chali chini ya vioo, miguu imekunjwa. Msimamizi alimwambia awatupe pamoja na takataka. Mama akasema, "Sawa, bosi," halafu akawa anawafunga kwenye gazeti na kuwazika nyuma ya jengo, kwenye bustani ya maua, kwa kijiko cha kupandia miche. Nyumbani hakuwahi kulitaja hilo. Mimi nililijua siku nilipotaka kufua koti lake la kazi, nikakuta unyoya mfukoni.

"Mama, hii nini?"

"Ya Karani hiyo," akajibu huku anamenya viazi, kana kwamba mimi na huyo Karani tunafahamiana.

Jioni ile ndipo aliponisimulia. Alikuwa amewapa wote majina, maana hakuna aliyewahi kumwambia majina yao. Karani ni yule mweusi mgongoni, mweupe tumboni, kama mtu aliyevaa koti juu ya shati safi. Mkia wa Kutu ni yule mwenye mkia wa rangi ya chuma kilichonyeshewa. Mwalimu na Soksi walikuwa kama mapacha, wote wa kijani kilichopauka, wenye mstari juu ya jicho kama nyusi iliyochorwa kwa kalamu, ila mmoja miguu yake ni ya rangi ya asali na mwenzake ana miguu myeusi tii. Ndiyo maana ya Soksi. Mdogo kuliko wote aliitwa Kiberiti. Huyo hana uzito kabisa, na utosini ana mstari wa rangi ya moto. Mama aliwajua mpaka chini ya mabawa, mpaka kucha, mpaka rangi ya ndani ya mdomo. Wapo watu wasiowajua wajukuu wao kiasi hicho.

"Wanakuja kwetu kufa," aliniambia. "Kama wagonjwa wanaofikishwa hospitali mambo yakiwa yameshaharibika. Kila mwaka nazika mia, mia na hamsini. Hivi wamebaki wangapi, mwanangu? Si watakuwa wanakwisha?"

Mimi nauza dawa dukani; ndege niliowajua ni wale wa kudokoa nafaka sokoni.

Mwaka huo wa kumi na tisa akatokea Mpima. Alikuwa mpima ardhi aliyestaafu, mzee mrefu, mwembamba, mwenye ugonjwa wa kuwahi: ukimwita saa tatu, saa kumi na mbili na nusu yuko mlangoni. Siku moja alileta karatasi za bima ya nyumba yake, akakuta milango imefungwa, akazunguka nyuma ya jengo kutafuta pa kukaa. Akamkuta Mama amechuchumaa kwenye maua, gazeti limefunguliwa mapajani.

"Dada, samahani. Huyo umempata wapi?"

"Hapo mlangoni. Ni Soksi. Wa tatu wiki hii."

"Soksi?"

Mama akamwonyesha miguu. Mzee akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. Akasema kwamba anafuatilia ndege miaka thelathini, kwa darubini na daftari, na hajawahi kumwona yule kwa karibu namna ile.

"Na mimi sijawahi kumwona akiwa hai," Mama akasema.

"Hujawahi? Hata mmoja?"

"Nikifika mimi, wao wameshamaliza."

Mpima alisahau karatasi zake za bima palepale kwenye ukingo wa bustani. Kesho yake alizifuata, na akaja na mwaliko: Jumapili kikundi chao cha kutazama ndege kinakwenda rasini, kule ardhi inapoingia ndani ya ziwa kama kidole. Ndege wanaohama kutoka kaskazini wanavuka maji usiku kucha, na rasi ndiyo nchi kavu ya kwanza wanayoiona. Je, Dada angependa kwenda?

Mama alikubali, kisha akarudi nyumbani na kuanza kutafuta visingizio. Viatu vimechakaa. Magoti yanauma. Wale ni watu waliosoma, atakwenda kuongea nao nini? Mwishowe akasema atakwenda nikienda naye. Jumapili ndiyo siku yangu pekee ya kulala mpaka jua litoke. Nilikwenda, nimenuna.

Kikundi chenyewe kilikuwa watu watatu. Mpima, kiongozi. Daktari wa meno, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mwenye gari na mwenye darubini kubwa ya kusimama kwa miguu mitatu, aliyoibeba kifuani kama mtoto mchanga na hakuruhusu mtu aiguse. Wa tatu alikuwa Fundi Redio, mnene, mwenye maneno mengi, ambaye macho yake hayakuwa na maana yoyote lakini masikio yake yalikuwa yanamtambua ndege kwa mlio mmoja. Alisema ni kazi imemfundisha. Redio inayotaka kuharibika inakuambia mapema, ukiisikiliza.

Tuliondoka mjini kungali giza. Nusu ya njia mvua ikaanza, na si manyunyu, ni mvua ya kumwagika kwa ndoo, na upepo wa kutokea mbele. Daktari akapunguza mwendo.

"Tugeuze?" akauliza. "Hatutaona kitu leo."

"Twende tu," Mpima akasema. "Tukifika tukakosa, tutakunywa chai."

Basi tukafika rasini tukakosa. Tulikaa ndani ya gari watu watano, vioo vimejaa ukungu wa pumzi zetu, tukapitishiana chupa ya chai na mayai ya kuchemsha. Nje hakukuwa na kitu isipokuwa kijivu juu na kijivu chini. Mimi niliwaza kitanda changu. Mama alikuwa amekaa ameshikilia mkoba mapajani kwa mikono miwili, kama mtu aliyekuja kuomba kazi.

Ghafla Fundi Redio, aliyekuwa katikati ya kisa kirefu, akanyamaza. Akateremsha kioo kidogo, mvua ikaanza kumlowesha bega.

"Zima injini, Daktari."

"Umesikia nini?"

"Zima."

Injini ikazimika. Mwanzoni nilisikia mvua tu kwenye paa. Halafu nikasikia na kingine, juu ya mvua, juu kabisa: vilio vyembamba, vifupi, vya kukatika katika, kimoja hapa, kingine kule, mpaka vikawa havina mwanya baina yao, kama mafuta yanavyochemka kwenye kikaango.

"Wako juu yetu," Fundi akanong'ona.

"Wangapi?" Mpima akauliza. Hilo ndilo lilikuwa swali lake kwa kila kitu.

"Mzee, siwezi kukwambia. Sijawahi kusikia hivi."

Mpima akaeleza haraka haraka. Walikuwa wameondoka ng'ambo jana jioni, hali ya hewa ikiwa nzuri. Katikati ya maji wakakutana na ukuta wa mvua. Huwezi kutua juu ya maji ukiwa na uzito wa barua. Wamepigana nao usiku kucha, na sasa wameona ardhi.

Wa kwanza alianguka kwenye boneti ya gari. Alianguka hasa, hakutua. Akasimama, akayumba, akabaki hapo mvua inampiga. Wa pili akafika kwenye kioo cha pembeni. Kisha kukapambazuka kidogo, na mvua ikapungua, na mbingu ikaanza kuteremka.

Sijui niseme namna gani ili nisionekane natia chumvi. Walishuka kama majani yanayopukutika, ila majani yasiyokwisha, kutoka kwenye mawingu ambayo hatukuona kitu ndani yake. Walishuka kwenye vichaka vya miiba mpaka matawi yakainama. Vichaka vilipojaa wakashuka kwenye nyasi, nyasi zilipojaa wakashuka kwenye mawe ya ufukweni, kwenye kamba ya uzio, kwenye matairi ya gari letu. Wengine walifika chini wakakaa palepale walipoangukia, mabawa wazi, midomo wazi, wakihema.

Mpima alifungua mlango polepole na kutupungia mkono tumfuate. Tukatoka mmoja mmoja kama wezi. Hawakuruka. Hawakuwa na nguvu ya kutuogopa. Nilitazama mahali pa kuweka mguu nikakosa, nikasimama kama nilivyo, na ndege mmoja mwenye koo la buluu kama wino akarukaruka akapita juu ya kiatu changu. Usingizi wangu wa Jumapili niliusahau kabisa.

Mpima alikuwa na kidude cha kuhesabia, cha kubonyeza kwa kidole gumba. Nilisikia kikilia: ka, ka, ka, ka, haraka zaidi na zaidi. Halafu kikanyamaza. Nilipogeuka, mzee alikuwa amekitia mfukoni na amesimama mikono imelegea, macho yamemtoka, na mvua au kitu kingine kinamtiririka mashavuni.

Fundi Redio yeye alikuwa ameganda karibu na gari, shingo imekakamaa.

"Kuna mtu kwenye kofia yangu," alinong'ona. "Namsikia kucha. Ni nani? Jamani, niambieni ni nani!"

"Ni Karani," Mama akasema.

Aliongea kwa sauti ya kawaida, ile ya kumwambia jirani nani amepita hapo. Nikamtazama. Alikuwa anaangaza macho huku na huko kwenye zile nyasi na midomo yake inacheza bila sauti, na nikaelewa kwamba anawataja. Mwalimu. Mwalimu. Soksi. Karani. Mkia wa Kutu. Wote alikuwa anawafahamu. Miaka kumi na tisa, na hii ndiyo siku ya kwanza kukutana nao.

Kisha akanishika mkono kwa nguvu.

"Mwangalie yule," akasema. "Mkia wa Kutu, pale kwenye jiwe. Anautetemesha! Mkia wake unatetemeka!"

"Ndivyo alivyo, Mama," Daktari akamwambia taratibu. "Hautulii kamwe. Mchana kutwa anautetemesha hivyo hivyo."

"Sikujua," Mama akasema. "Mimi naujua umetulia."

Wakati huo kitu kikaanguka miguuni pa Mama. Kidogo sana, kama mtu amedondosha kitambaa cha mkononi. Kilikuwa Kiberiti, kimelala ubavu kwenye tope, manyoya yameshikana kwa maji, macho yamefumba. Mama akachuchumaa. Sidhani kama aliwaza; mkono wake ulikwenda wenyewe, namna ulivyokwenda kila asubuhi, vidole viwili chini ya mgongo na kidole gumba juu ya kifua.

"Pole, baba," alimwambia. Halafu akaniambia mimi, bila kuinua kichwa, "Nitolee gazeti kwenye mkoba."

Nilifungua mkoba. Gazeti lilikuwamo kweli, limekunjwa vizuri. Nilikuwa namkabidhi aliponizuia.

"Subiri."

Uso wake ulikuwa umebadilika. Alikuwa amekaza macho mbele, hatazami ndege wala hanitazami mimi, kama mtu anayesikiliza kitu chumba cha pili.

"Unapiga," akasema.

"Nini kinapiga?"

"Moyo. Uko hapa chini ya kidole changu. Unakwenda mbio, mwanangu, hata haupigi, unavuma. Weka kidole. Weka!"

Nikaweka ncha ya kidole. Nimewahi kupima mapigo ya watu wengi pale dukani, wazee kwa watoto. Ule haukuwa mpigo wa kuhesabika. Ulikuwa kama cherehani iliyofungiwa ndani ya punje ya kunde.

Mama akafunika mkono mmoja kwa mwingine, akaacha upenyo mdogo juu, akaanza kupuliza ndani polepole, hewa ya moto ya kinywani. Alikaa hivyo, amepiga magoti kwenye tope, yeye anayelalamikia magoti tangu nimjue. Hakuna aliyesogea. Daktari alikuwa ameiacha darubini yake imelala kwenye nyasi, mvua inaipiga, na hakujali. Fundi Redio alikuwa bado ana Karani kichwani. Yawezekana tulikaa robo saa, yawezekana zaidi. Mpima hakutazama saa, na kwa mtu kama yule hiyo ni ajabu ya peke yake.

Kisha Mama akafungua mkono.

Kiberiti alikuwa amekaa wima juu ya kiganja. Manyoya yalikuwa yameanza kuinuka, na ule mstari wa utosini ukawaka kama ncha ya njiti iliyokwaruzwa sasa hivi. Akafumbua jicho. Lilikuwa jeusi, kubwa kuliko nilivyodhani, na ndani yake nikaona mbingu yote na kivuli cha kichwa cha Mama. Ndege akamtazama. Mama akamtazama. Akatembea hatua mbili mpaka kwenye kidole gumba, akajikung'uta, maji yakamrukia Mama usoni, kisha akaruka mpaka kwenye kichaka, na kabla hata hatujapumua alikuwa ameshaning'inia kichwa chini kwenye tawi, anadonoa wadudu.

Mama akakaa chini kabisa, palepale kwenye maji.

"Kumbe wana sauti," akasema. "Kumbe wana macho. Kumbe wanakula."

Nilidhani analia, nikamwinamia. Alikuwa anacheka. Sijui kama ni kucheka, ilikuwa ni ile hali mwili unapozidiwa na kitu na hauna njia nyingine ya kukitoa.

Mvua ilikatika saa mbili na nusu, jua likatoka, rasi nzima ikafuka mvuke. Ndege wale wakaanza kula. Vichaka vilikuwa kama vinatembea kwa sababu yao. Tukatandika turubai, tukakaa. Mama akamgeukia Mpima.

"Mzee, niambie ukweli. Hawa wote, wametoka wapi wengi hivi?"

"Hawa, Dada, ni wa usiku mmoja. Na wa rasi moja. Ziwa lina rasi nyingi, na vuli ina usiku mwingi."

"Kwa hiyo kwa jumla ni wangapi?"

Mzee alicheka kidogo. "Nimehesabu maisha yangu yote nikidhani nitaweza kujibu hilo. Leo nimeacha kwenye mia sita na arobaini."

Mama aling'oa nyasi moja moja.

"Mimi nilidhani nawazika wa mwisho," akasema.

Ndipo Mpima alipomweleza juu ya taa. Kwamba ndege hawa wanasafiri usiku kwa nyota, na mji unaowaka taa unawapoteza njia. Wanazunguka majengo mpaka wanachoka, na alfajiri wanapotaka kuondoka wanaona mawingu kwenye kioo, wanayafuata. Hawakuja kufa kwetu. Walikuwa wanapita. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: taa hizo zinawaka kwa ajili ya nani, na ofisi haina mtu? Jambo hilo alilibeba kwenda nalo kazini. Meneja alimkatalia mara ya kwanza, akamkatalia mara ya pili mbele ya Mpima na Daktari waliokuja na barua. Mara ya tatu Mama alimpelekea ndege wa asubuhi ile ndani ya sanduku la viatu, ishirini na watatu, amewapanga kwa safu, akamweleza mmoja baada ya mwingine walikuwa wanafanyaje walipokuwa hai. Tangu hapo ghorofa kumi za juu zinazimwa wiki zote za vuli. Hazijaisha zile asubuhi za kuokota, ila zimepungua sana.

Lakini nimeruka, siku yenyewe ilikuwa bado mbichi.

Karibu na saa sita Daktari wa meno alirudia hali yake. Aliisimamisha darubini, akaifuta, akamlenga ndege mmoja wa kijani kwenye kichaka cha mbali na kutangaza jina lake refu la kitabuni. Mama akapewa kuchungulia. Mara ya kwanza aliona kope zake mwenyewe akashtuka. Mara ya pili akampata.

"Huyu siye uliyemtaja," akasema. "Yule uliyenionyesha picha yake kwenye kitabu chako asubuhi ndiye Mwalimu. Huyu ni Soksi."

"Mama, hao wawili hata wataalamu wanagombana juu yao. Nimetazama mstari wa jicho na urefu wa bawa. Tena miguu haionekani, imezibwa na jani."

"Jani litasogea. Huyu ana shingo fupi kidogo, na tumbo la rangi ya chai ya maziwa. Nimewalaza pamoja mara nyingi, mmoja huku na mwingine huku."

Tukasubiri jani. Upepo ukaja, jani likasogea. Daktari aliinamia darubini, akakaa hivyo, na tuliona masikio yake yanabadilika rangi.

"Myeusi," akasema hatimaye.

"Tii?" Fundi Redio akauliza, hana huruma.

"Tii kabisa." Akainuka, akacheka yeye mwenyewe, akalifunga daftari lake. "Mama, hebu kaa hapa karibu yangu. Nifundishe."

Basi mchana kutwa walikaa bega kwa bega, mwanamke anayeng'oa meno na mwanamke anayefagia, mmoja anasema wanavyoruka na mwingine anasema walivyo chini ya mabawa. Mimi nilikuwa mbebaji wa chai. Sikujali.

Tulipaswa kuondoka saa kumi. Hakuna aliyeanza kufungasha. Jua liliposhuka ndege wakaacha kula, wakanyamaza. Kimya kile kilikuwa kizito kuliko kelele zao. Walipanda kwenye matawi ya juu kabisa, wote wametazama kusini, na kila mara mmoja alikuwa ananyoosha bawa, analifunga, analinyoosha tena.

Halafu mmoja akaondoka. Hakukuwa na ishara yoyote. Alipanda moja kwa moja juu, mpaka akawa nukta, mpaka nukta ikaisha. Wa pili. Wa kumi. Ghafla vichaka vikapumua, ni neno pekee ninaloweza kulitumia, vikapumua ndege wote kwa pamoja, na upepo wa mabawa yao ukatupiga nyuso. Giza jepesi la jioni liliwameza. Matawi yaliinuka, yakatikisika kidogo, yakabaki matupu.

Nikadhani imekwisha. Daktari ndiye aliyesema tusubiri mwezi.

Ulitoka juu ya ziwa saa moja, mzima, wa rangi ya chungwa, na ulipopanda ukawa mweupe. Daktari akaulenga kwa darubini yake, akarekebisha, akamshika Mama mabega kwa mikono yake miwili na kumweka mahali pake.

"Chungulia, usipepese."

"Naona mwezi," Mama akasema. "Una makovu, maskini. Sikujua una makovu hivi."

"Endelea kuangalia."

Kisha Mama akavuta pumzi kwa ghafla, kama aliyemwagiwa maji baridi.

"Amepita mmoja."

"Ndiyo."

"Mwingine. Jamani, mwingine. Wawili! Wanapita mbele ya mwezi, weusi, wadogo kama chawa." Sauti ikamshuka. "Hawana mwisho. Hawana mwisho hawa."

Alituachia zamu mmoja mmoja. Nilipochungulia niliona lile duara jeupe, kubwa la kutisha, na juu yake vivuli vidogo vya mabawa vinakatiza, kutoka kushoto kwenda kulia, bila haraka, mmoja, kisha mmoja, kisha watatu. Mpima akanong'ona kwamba tunachokiona ni kijipenyo kidogo tu, upana wa mwezi. Mbingu yote iliyobaki, kila upande wetu mpaka upeo wa macho, imejaa vilevile na hatuoni. Niliinua kichwa nikaitazama ile mbingu. Ilikuwa tupu, nyota tu, na kimya. Nikashika mlango wa gari.

Mama alikuwa amerudi kwenye darubini.

"Kesho asubuhi watakuwa wapi?" akauliza.

"Wakipata upepo mzuri, ng'ambo ya milima," Mpima akamjibu.

"Kuna vichaka huko?"

"Vipo."

"Na wadudu?"

"Wapo, Dada. Wengi."

"Basi vizuri," Mama akasema.

Tulikuwa na njaa, chai imeisha, baridi imetuingia mifupani, na asubuhi wengi wetu tulikuwa na kazi. Hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia tuondoke.